Choma Tairi, Klachi Iache: Mwongozo Kamili wa Kuondoka na Gari la Gia za Mkono

Ukitaka kuijua harufu ya klachi inayoungua, huna haja ya kwenda kwenye mashindano. Simama Likoni, hapa Mombasa, jioni, feri ikishagusa gati na magari yakaanza kupanda. Hakosekani dereva mmoja aliyelishikilia gari kwenye mpando kwa klachi, handbreki kaisahau, foleni haisogei, na ile harufu chungu inawafikia hata wanaotembea kwa miguu. Hajashindana na mtu, lakini klachi imeshaliwa.

Yangu niliichoma kwa njia ya kifahari zaidi: niliichoma nikijifunza kuchoma tairi, yaani kuzizungusha palepale mpaka zitoe moshi. Gari lilikuwa dogo, la kuvutwa na tairi za mbele, na nilidhani mtu huiachia klachi kidogo kidogo huku amekanyaga mafuta, mpaka tairi zikubali. Tairi hazikukubali. Moshi ulitoka, wenzangu wakashangilia, kumbe moshi wenyewe ulikuwa unatoka chini ya boneti. Fundi wangu wa Majengo alipoiteremsha giaboksi alinionyesha klachi pleti: nyeusi, inang'aa kama kioo, na flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake, imejaa madoa ya buluu. "Mwanangu," akaniambia, "hii si klachi tena. Umepika ukoko."

Yote nitakayoeleza hapa yanatoka kwenye ukoko ule. Moto ni wa tairi. Klachi iwe imeshika kabisa au imeachia kabisa, na ile hali ya katikati ipite upesi, mara moja tu kwa kila mbio fupi za kunyooka (drag), pale gari linapoondoka.

Neno moja kabla hatujaingia ndani. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, hairuhusu mashindano ya magari kwenye barabara ya umma bila idhini. Najua barabara pana ya Dongo Kundu usiku inatamanisha. Iache. Tafuta uwanja uliofungwa kwa ruhusa ya mwenyewe, wenye nafasi ya kutosha ya kusimamia, kwa sababu mita 402 za mbio zinahitaji karibu nyingine kama hizo za kupunguzia mwendo.

Klachi hupataje moto

Injini inazunguka, tairi zimesimama. Klachi ndiyo msuluhishi wa hao wawili, na usuluhishi wake ni msuguano. Chukua gari la kilo 1,200 linaloondoka huku mizunguko ya injini imeshikiliwa palepale, na klachi ikateleza mpaka gari lifike kilomita 40 kwa saa. Joto linalobaki kwenye klachi hulingana na nishati ya mwendo ambayo gari limepata, yaani kama kilojuli 74. Joto hilo linatosha kupandisha kilo nzima ya chuma kwa nyuzi 150 hivi. Na hapo ni kuondoka mara moja, tena vizuri.

Sasa fikiria kuchoma tairi kwa nusu klachi kwa sekunde nne au tano. Gari haliendi popote, injini inasukuma kwa nguvu zote, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo inabaki kwenye pleti nyembamba unayoweza kuibeba kwa mkono mmoja. Ndipo ukoko unapopikwa.

Kuna jambo ambalo wageni kutoka bara huja kuligundua wakiwa wameshachelewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari; sisi tuko chini kabisa. Hata ukiondoa hasara ya joto na unyevu wa pwani, hewa yetu ni nzito kuliko ya kule kwa asilimia 15 hadi 20, na injini isiyo na taabo (turbo) hupata nguvu zaidi kwa kiasi kinachokaribia hicho. Klachi iliyokuwa inashika vizuri Nairobi inaweza kuanza kuteleza Mombasa bila mtu kugusa spana. Mwenye gari husema klachi imeharibika safarini. Haikuharibika, ilikuwa ukingoni, na hewa ya bahari imemalizia.

Jua uliyonayo

Gari nyingi za gia za mkono zinazoshuka bandarini kwetu kutoka Japani zinakuja na klachi ya kawaida, ile ya nyuzi zilizogandishwa kwa gundi. Inashika polepole, inavumilia makosa ya mguu, haipendi joto jingi. Ikipata moto sana uso wake hung'aa na haishiki tena kama zamani. Klachi ya kevla inavumilia zaidi, lakini inataka kuzoeshwa kwa subira. Halafu ziko zile za vipande vya seramiki, vinne au sita, kama maua. Hizo zinastahimili joto, ila zinashika kwa mshtuko: ama hujashika, ama umeshashika. Kijana akiitia seramiki kwenye gari la kwenda nalo kazini Changamwe, foleni ya Makupa itamfunza adabu.

Ushauri wangu kwa anayeanza: baki na klachi ya kawaida iliyo nzima, pamoja na presha pleti (bamba linaloibana klachi pleti kwenye flaiwili) yenye mbano zaidi kidogo ikiwa injini imeongezwa nguvu. Mguu wako utajifunza kitu. Seramiki itakufunza kuvunja ekseli tu.

Klachi mpya usiipeleke uwanjani siku ya pili. Izoeshe kwa kilomita 800 hivi za mjini, kusimama na kuondoka, bila kuikamia. Safari ndefu za Malindi hazihesabiki sana hapa, kwa sababu ukiwa gia ya tano klachi haifanyi kazi yoyote.

Kuijaribu ni rahisi. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, tia gia ya nne au ya tano, kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa mizunguko na ule wa mwendo lazima ipande pamoja. Mizunguko ikiruka na mwendo ukabaki nyuma, klachi inateleza, na hakuna mbinu ya mguu itakayokuokoa. Mwone fundi.

Pedali

Hapa ndipo watu hupapita haraka na ndipo palipo na faida kubwa kuliko kununua vifaa.

Kaa kwenye kiti kama siku ya mashindano, viatu ukiwa umevaa. Viatu, si ndara wala makubadhi; soli nyembamba inayokupa habari za pedali. Ukikanyaga klachi hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Sasa tafuta mahali klachi inapoanza kushika. Gari likiwa sehemu tambarare, gia ya kwanza, bila mafuta, inua mguu polepole mpaka gari litake kusogea, kisha ukanyage tena. Rudia mara 20. Rudia ukiwa umefumba macho. Ukiweza kuufikia mguso huo bila kuufikiria, nusu ya kazi umemaliza.

Mahali hapo pakiwa chini kabisa karibu na sakafu, huenda kuna hewa kwenye mfumo wa mafuta ya klachi. Toa hewa, weka mafuta mapya ya DOT 4, au aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa. Mafuta haya hunyonya unyevu, na kwa unyevu ni sisi. Siyaachi yakapita mwaka. Kama klachi ni ya kebo, angalia uchezaji wa pedali kabla haijaanza kusukuma kitu. Isipocheza kabisa, rilisi bearing (ile inayoisukuma presha pleti ili klachi iachie) inaegemea presha pleti muda wote na klachi haibani sawasawa.

Kisha weka kizuizi chini ya pedali. Boliti yenye kichwa cha mpira inatosha. Kiweke ili pedali iishie sentimita moja au mbili tu baada ya klachi kuachia kikamilifu. Kuna faida mbili: mguu hauna safari ndefu ya kurudi, na presha pleti haisukumwi kupita kiasi mizunguko ikiwa juu. Usikiweke juu mno. Gia ikianza kulia unapoiingiza, klachi haijaachia, teremsha kizuizi.

Tairi unayoichoma

Tunachoma tairi kwa sababu mbili, kusafisha mchanga na mafuta yaliyoganda juu yake, na kuupasha moto mpira ili unate. Kila aina ina kipimo chake.

Tairi ya kawaida ya barabarani haihitaji shoo. Ukiichoma sana mpira wake hutoa utelezi badala ya mnato. Izungushe sekunde moja au mbili kwenye lami kavu, basi. Wala usiipitishe kwenye dimbwi la maji, maana michirizi yake hubeba maji hadi mstari wa kuanzia, ikakuharibia wewe na wanaofuata. Tairi ya radiali ya mashindano inataka kidogo zaidi, mpaka uone ukungu mwepesi wa moshi. Sliki, tairi ya mashindano isiyo na michirizi, ndiyo inayotaka moto wa kweli, mpaka moshi uje kwa wingi na sauti ya tairi ibadilike ikaanza kulia kwa uzito.

Kama unachagua sliki kwa gari la gia za mkono, wengi wenye uzoefu huchukua zile za nyuzi za mshazari kuliko radiali. Ubavu wake ni laini, hukunjamana klachi inaposhika, ukameza ule mshtuko ambao vinginevyo ungekwenda kwenye ekseli. Upepo fuata maelekezo ya mtengenezaji, na tairi mbili zipimwe sawasawa kabisa; moja ikizidi, gari litakuvuta upande.

Na jua la Mombasa lihesabu. Lami ya saa nane mchana imeshakufanyia nusu ya kazi. Punguza muda wa kuchoma. Saa moja usiku ongeza kidogo.

Kuchoma kwenyewe

Gari la kuvutwa na tairi za mbele. Maji ni kwa tairi za mashindano; za barabarani, kama nilivyosema, zizungushe kwenye lami kavu. Sogea mpaka tairi za mbele ziloe, kisha songa mbele taratibu zikae ukingoni mwa maji, si katikati yake. Vuta handbreki kwa nguvu. Breki ya mguu usiiguse, kwa sababu hiyo inashika hasa tairi za mbele, zilezile unazotaka zizunguke. Usukani uwe umenyooka kabisa. Tia gia ya pili. Ya kwanza inafika kikomo cha injini mara moja na huipa giaboksi mshtuko mkubwa zaidi. Panda hadi mizunguko 4,000 au 5,000 kwa dakika, halafu utoe mguu kwenye klachi kwa kuuteleza pembeni, ghafla, mara moja. Sijasema uuinue. Uondoe, kama umekanyaga kaa la moto.

Maji ndiyo yanayoiokoa klachi hapa. Tairi yenye maji inaanza kuzunguka kwa urahisi, klachi inashika papo hapo bila kuteleza, na kuanzia hapo nguvu yote inakwenda kwenye mpira. Shikilia mafuta yakiwa imara. Mguu wa kushoto ukae mbali na pedali. Ukiuegemeza tu, umerudi kwenye ukoko. Injini ikianza kuzama na tairi zinakataa kuzunguka, usijaribu kuisaidia kwa kukanyaga klachi nusu. Kanyaga yote, acha mafuta, rudi kwenye maji, anza upya na mizunguko zaidi.

Kumaliza kuna adabu yake. Ekseli nyingi na sivi jointi (viungio vya ekseli) havivunjiki wakati wa kuondoka kwenye taa. Vinavunjika mwisho wa kuchoma, tairi inayozunguka kwa kasi inaposhika lami kavu ghafla. Kwa hiyo moshi ukishatosha, achia handbreki huku tairi bado zinazunguka. Gari litatembea mbele lenyewe, tairi zikipoteza kasi taratibu. Ukihisi zimeanza kushika, kanyaga klachi na uachie mafuta kwa pamoja, gari lijiviringishe.

Gari la kusukumwa na tairi za nyuma. Lizungushe dimbwi ili tairi za mbele zisiloe, kisha rudi kinyumenyume mpaka za nyuma ziguse maji. Hapa handbreki ni adui, na breki ya mguu inashika pia nyuma, ikachoma pedi na drami bure. Dawa yake ni kufuli ya breki za mbele, valvu ndogo ya umeme inayofungia shinikizo mbele tu. Kanyaga breki kwa nguvu, bonyeza kitufe, achia pedali huku kitufe umekishika. Gia ya pili, au ya tatu kwa gari lenye nguvu na sliki pana, kisha toa mguu kwenye klachi vilevile. Kumaliza ni kuachia kitufe na kuliacha gari litoke.

Gari la kuvutwa na tairi zote nne. Watu wa Subaru mnisamehe: usichome. Lipitishe pembeni mwa maji, ondoka kidogo mara moja kusafisha tairi, basi. Tairi nne zikiwa kavu hazitaki kuteleza, na kwenye kuondoka lazima kitu fulani kiteleze. Kama si tairi ni klachi, na kama si klachi ni meno ya gia ya kwanza.

Kuondoka kwenye taa

Sogea kwenye mstari polepole. Kwa mfumo wa taa za mashindano, taa ya kwanza ya juu inakwambia umekaribia, ya pili kwamba umefika. Iwashe ya pili kwa kusogea sentimita chache, usimame hapo. Baadaye zinashuka za manjano. Kwenye mfumo wa kawaida zinapishana kwa nusu sekunde. Ukisubiri kijani umechelewa. Ondoka unapoiona ya manjano ya mwisho. Nyekundu ikiwaka, umetangulia.

Gia ya kwanza iingie ukiwa karibu kabisa kuanza. Kukaa dakika nzima umekanyaga klachi kunachosha rilisi bearing na kuusukuma mtaimbo wa injini (krenkshafti) kwenye bearing zake za ubavuni.

Kwa tairi za kawaida anzia mizunguko 2,500 au 3,000. Inua mguu upesi mpaka pale pa kushika ulipopajua kwa macho yaliyofumbwa, kaa hapo kwa muda wa kutamka neno "Kongowea", halafu achia pote na ukanyage mafuta yote. Ule muda wa neno moja ndio mtelezo pekee ninaouruhusu siku nzima. Kwa sliki unaweza kwenda mizunguko zaidi na kutoa mguu mara moja, kwa kuwa ubavu wa tairi unafanya kazi ya mtelezo badala ya klachi.

Sasa soma kilichotokea. Tairi zikizunguka bure, punguza mizunguko 300 mbio inayofuata. Injini ikizama na gari likaenda kama limebeba magunia, ongeza 300. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, na uandike: saa, mizunguko, upepo, sekunde za kuchoma, na muda wa mita 18 za kwanza kama kuna mashine ya kupima. Rafiki mmoja achuchumae mahali salama nyuma arekodi tairi kwa simu, kwa mwendo wa polepole. Dereva ndani ya gari huamini mambo mengi ambayo video haiyaamini.

Kubadilisha gia katikati ya mbio sitakaa nako. Klachi ikanyagwe yote mpaka kwenye kizuizi, mkono na mguu viende pamoja, mafuta yapunguzwe kidogo. Kubadilisha bila kuachia mafuta kuna wakati wake, na si mwaka wako wa kwanza.

Kati ya mbio na mbio

Usirudi ukapanga foleni mara moja. Ipe klachi muda, dakika 15 au 20. Klachi imefungiwa ndani ya ganda la giaboksi, haipati upepo, na joto la flaiwili linaendelea kusambaa hata baada ya kuzima. Ukisikia harufu, au mahali pa kushika pamehama kwenye pedali, siku imekwisha. Kunywa dafu. Na usimwagie maji ganda lile likiwa la moto, hata kama mwenzako amesema kwao hufanya hivyo.

Usalama hauna mzaha. Flaiwili ya zamani ya chuma cha kumimina inaweza kupasuka mizunguko ikizidi, na vipande vyake hutoka kama risasi, kwa upande. Kwa injini iliyoongezwa nguvu tafuta flaiwili na klachi zenye alama ya SFI 1.1 (SFI ni shirika la Marekani la viwango vya usalama wa mashindano), na ganda la kinga la SFI 6.1. Mtu yeyote asisimame ubavuni mwa gari, usawa wa klachi, linapochoma tairi. Tarehe 8 Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions huko California, giaboksi ya Don Garlits, dereva maarufu wa mbio za drag wa Marekani, ililipuka alipokuwa anaondoka ikamkata sehemu ya mguu wa kulia. Wahenga wetu walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini Garlits hakuwa na mkuu wa kumsikiliza. Mkuu alikuwa yeye. Alirudi mwaka uliofuata na gari lenye injini nyuma ya dereva, na wenzake wakamfuata. Kofia ngumu, mkanda, kizimamoto kilicho karibu na mkono: hivyo ni vya kila mbio, hata ya majaribio.

Ukifika nyumbani, usilihifadhi gari lile kama jahazi lililokwezwa pwani. Kwa sisi wa Nyali na Bamburi hewa ya chumvi huingia mpaka ndani ya ganda la giaboksi. Gari likilala wiki tatu, kutu nyembamba hujitokeza kwenye uso wa flaiwili na pleti inaweza kugandamana nayo. Asubuhi ukikanyaga klachi, gia inalia, haiingii. Usiilazimishe. Liendeshe dakika 20 kila wiki, hata hadi Kongowea kununua samaki na kurudi. Na kama imeshaganda, zima injini, tia gia ya nne ukiwa mahali pa wazi, kanyaga klachi, mwambie kaka alisukume gari mbele na nyuma kwa vishindo vidogo mpaka usikie "tak".